Chuma Butu Kisicho na Jina

Maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa ufundi na wazee wa mwaloni, pale ufukoni mitumbwi inapofikia, Kirumba, Mwanza

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu mliotoka karakana sasa hivi, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele, hamjambo. Na kwa kuwa tuko Mwanza: mwangaluka! Haya, nimesikia. Huku mbele kwa wazee mmeniitikia mimi, huko nyuma kwa vijana mmeitikia simu.

Nimeombwa nizungumze juu ya zana za kale. Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Nilifundisha historia sekondari hadi nilipostaafu, na nikastaafu na ugonjwa mmoja: siwezi kupita penye lundo la vyuma chakavu bila kuinama. Uvungu wa kitanda changu haufagiliki. Sitawasomea orodha ya zana zote zilizomo humo, maana tutalala hapa. Nimekuja na vyuma viwili ndani ya khanga hii, nami nitawaeleza nilivyohangaika navyo karibu mwaka mzima.

Hiki cha kwanza kipitisheni, kila mmoja akishike. Msiogope, hakikati. Urefu wake ni shibiri moja na ushei. Juu kina kichwa bapa cha mviringo, na kingo za kichwa zimechanua na kukunjamana kwa kupigwa. Katikati ni shingo nene inayojaa kiganja. Chini kinatanuka kama mkia wa sato, upana wa vidole vinne. Kila anayekishika mara ya kwanza husema: patasi. Nami nilisema hivyo hivyo. Kigeuzeni, kisha mkigeuze tena. Hamtaona herufi, wala namba, wala nyota, wala picha ya mnyama.

Nilivikuta viwili hivi Igoma, kwa kijana anayenunua vyuma kwa kilo. Aliponiona nimeinama akasogea. "Mama, hizo za Mjerumani hizo." Na macho yake yakaanza kupandisha bei.

Jamani, Mjerumani huyu! Waingereza walimtoa Mwanza Julai 1916, lakini ukisikiliza masoko yetu utadhani aliondoka juzi na kusahau masanduku yake kila kona. Kuna watu wamechimba chini ya mawe usiku wa manane wakitafuta mali ya Mjerumani. Kuna waliouziwa rupia za Mjerumani zilizotengenezwa uchochoroni wiki iliyopita, zikapakwa tope zionekane zimezikwa. Mimi nimejifunza kwamba neno hilo sokoni halitaji tarehe, linataja bei. Nikampa kijana bei ya kilo, nikaongeza ya soda, tukaagana vizuri.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na ninaliungama mbele ya mafundi. Nilivipeleka moja kwa moja kwa kijana anayechomelea mageti mtaani kwetu. Nikamwambia, mwanangu, ninolee hizi patasi, zimekuwa butu. Akawasha grenda.

Cheche zilizotoka zilikuwa nyingi, zinapasukapasuka kama nyota. Yule kijana, bila kuinua kichwa, akasema, "Hii springi ya gari, mwalimu." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: akachukua kipande cha nondo akakigusisha kwenye jiwe, zikatoka cheche ndefu, mistari iliyonyooka, zinapasuka kidogo tu mwishoni. Chuma laini kina kaboni kidogo, ndiyo maana cheche zake ni mistari. Kaboni ikizidi, cheche hupasuka. Chuma cha pua cha springi kimejaa hizo nyota. Kwa hiyo siku ile nilipata elimu na hasara kwa wakati mmoja.

Hasara ndiyo hii. Alipomaliza kile cha kwanza akanikabidhi, kinang'aa, kinanyoa nywele za mkono. Nikafurahi. Nikanyanyua cha pili ili nimpe, na jua la saa kumi likapiga ukingo wake kwa ubavu. Nikaona kitu ambacho sikukiona siku zote nilizokaa nacho. Katika ule unene wa ukingo, ule nilioita ubutu, kulikuwa na mfereji. Mwembamba, umenyooka, kutoka pembe hadi pembe, kama mtu aliyelima tuta moja tu katika shamba lake. Nikageukia kile kilichonolewa. Mfereji wake ulikuwa umeshakuwa vumbi chini ya meza.

Ubutu ule haukuwa uchakavu. Kuna mtu aliyekaa kitako akautengeneza.

Hicho kinachopita mikononi mwenu ndicho kilichosalimika. Pitisheni kucha ukingoni mtausikia mfereji.

Tangu siku hiyo, chuma kipya kikiingia nyumbani hakiguswi na grenda wala brashi ya waya. Nakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, basi. Kisha nazima taa, nawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni, karibu kabisa na chuma, ili kila shimo litoe kivuli. Mahali panapoonekana kama palikuwa na maandishi naweka karatasi nyembamba na kusugua kwa penseli, kama watoto wanavyosugua sarafu. Herufi ambayo jicho limeikataa, penseli huitoa. Mara nyingi. Hapa haikutoa kitu.

Na wengi mkifika hapo mnakata tamaa. Hakina alama, hakijulikani. Nakubali kwamba alama ni jambo zuri. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1887 kuwabana waliouza bidhaa za kigeni kama za Kiingereza, na Marekani mwaka 1890 ikataka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka, kwa hiyo jina la nchi likigongwa kwenye chuma linakupa pa kuanzia. Ukisoma Ujerumani Magharibi, uko kati ya 1949 na 1990, hakuna Mjerumani wa rupia hapo. Ukikuta E.A.R. & H., hilo lilikuwa shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na lilianza 1948. Hata skrubu inasema: yenye kichwa cha nyota haikuwapo kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ukiiona kwenye kitu unachouziwa kuwa cha 1900, ama kilitengenezwa baadaye ama kuna mtu alikifungua.

Lakini alama nayo ina hila zake. Herufi mbili zilizogongwa vibaya vibaya kwenye mpini mara nyingi ni za mwenye zana, si za mtengenezaji, kwa sababu pale kazini nyundo za watu kumi zinalala sanduku moja. Na zana nyingi za hapa kwetu hazikuwahi kuwa na alama tangu zilipotoka motoni. Warongo, wale wahunzi wa upande wa Geita na Uzinza, walifua majembe yaliyovuka hadi Usukumani na Unyamwezini, majembe yaliyotolewa mahari. Nani aligonga jina lake? Mnunuzi alimjua mhunzi kwa uso. Ng'ambo ya ziwa, Katuruka upande wa Bukoba, watu waliyeyusha chuma miaka takriban 2,000 iliyopita, nao hawakuacha saini. Kwa hiyo chuma kisicho na alama si chuma kilichopoteza jina. Huenda kilitoka mahali ambapo jina halikuhitaji kuandikwa.

Nirudi kwenye hiki. Kiko wapi? Haya, mpe babu hapo. Babu, tazama pale bega linapoanza kutanuka. Kuna nusu ya tundu, siyo? Nusu mwezi hivi. Mimi nilidhani ni pa kutundikia. Yule mchomeleaji ndiye aliyenifumbua macho. Springi ya gari ni vyuma bapa vimepangwa kimoja juu ya kingine, na katikati ya kila kimoja kuna tundu la boliti inayovishikanisha pamoja. Mhunzi akitaka kipande, anakata pale penye tundu, maana ndipo palipo dhaifu. Kisha upande mmoja anaufinya unakuwa shingo, mwingine anauacha na upana wake. Nusu tundu hili ni kitovu cha springi.

Hapo Mjerumani wangu alifunga mizigo akaondoka. Mtu anaweza kusema kwamba magari ya farasi nayo yalikuwa na springi. Sawa, lakini farasi, kwa mbung'o wa nchi hii? Chuma hiki kilizaliwa baada ya magari kuwa mengi kiasi cha kufa na kuacha springi zao barabarani. Ni umri wa wazazi wetu, si wa mababu wa mababu. Nami wala sikusikitika.

Umri nimeupata, kazi bado. Nikaanza kuuliza watu, na hapa nilifanya kosa la pili. Nilikuwa nauliza, "Hiki kinaitwaje?" Kila mtu akanipa jina kutoka kwenye kazi yake mwenyewe. Fundi mwashi akasema bila kusita: cha kukatia tofali. Na kweli wanacho chuma kipana kinachopigwa nyundo, lakini chao kina makali. Hiki ukikatia tofali utalisaga tu. Mpwa wangu akasema ni cha kubandulia rangi. Cha kubandulia rangi hakipigwi kichwani hadi kichanue.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi bomba alinisimulia vizuri sana jinsi mabomba ya chuma cha kusubu yalivyounganishwa zamani. Wanasokota katani, wanaishindilia kwenye kiungo kwa chuma, kisha wanamimina risasi iliyoyeyushwa, na risasi ikipoa wanaishindilia nayo. Maelezo yake yalinichukua asubuhi nzima, na sijuti. Lakini vyuma vyake vilikuwa vyembamba, kwa kuwa nafasi kati ya bomba na bomba ni ndogo, na shingo zake zimepinda ili mkono usigonge bomba. Hiki changu kimenyooka na ni kipana mno.

Mwingine alifanya kazi karakana ya meli. Akaniambia habari za meli za chuma zilizoshonwa kwa ribiti: bamba linapolalia bamba, ule ukingo unapigwa kwa chuma kigumu mpaka unabana, maji yasipite. Chuma chake ni kifupi, ncha nene, bila mfereji, maana hakuna kitu cha kushikwa. Ni chuma kwa chuma. Huyu mzee alikaribia kuliko wote. Alitaja chombo cha majini na alitaja kuzuia maji. Mimi masikio yangu yalikuwa yanasubiri jina, sikumsikia.

Ikabidi nikae na chuma chenyewe. Nikajiuliza si kinaitwaje, bali kinafanya nini. Kinapigwa, kichwa kinasema. Lakini hakikupigwa kwa chuma: nyundo ya chuma huacha makovu makali na kupasua kingo, na kichwa hiki kimechanua polepole, kwa ulaini. Kimepigwa kwa mbao, miaka mingi. Hakikati. Shingo imekuwa nyeusi, laini kwa jasho la kiganja, na upande mmoja kuna bonde dogo la kidole gumba. Ukikishika kwa mkono wa kushoto kidole kinaingia, kwa wa kulia hakiingii. Kwa hiyo kushoto alikishika, kulia alipiga. Na ukingo wenye mfereji unang'aa kuliko mwili wote. Kitu kinachong'arisha chuma bila kukikwaruza ni kitu laini.

Nikachukua sindano na miwani yangu ya kusomea, nikachokoa mfereji. Zikatoka chembe nyeusi za kunata, na ndani yake nyuzi fupi za kijivu. Nikaziweka kwenye kisahani, nikaziwasha kwa kiberiti. Mnaoshona nyavu mnajua hili: nailoni inayeyuka, inajikunja, inaacha tone gumu. Zile ziliwaka haraka, zikanukia karatasi iliyoungua, zikaacha majivu mepesi yanayopeperuka. Pamba. Na ile nyeusi, ukiipasha moto, harufu yake kila aliyewahi kupita pembeni ya barabara inayojengwa anaijua. Lami.

Pamba, Usukumani, utaikuta popote. Lami pia. Lakini pamba na lami pamoja, kwenye chuma butu kinachopigwa kwa nyundo ya mbao! Nilicheka peke yangu sebuleni. Kutoka kwangu hadi mwaloni ni mwendo wa dakika ishirini, na nilikuwa nimezunguka mji mzima.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi mitumbwi. Leo hayupo, magoti yamekataa, na aliniomba nisimtaje. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Baada ya salamu nikampa chuma hiki bila kusema neno.

Hakukitazama. Kilipofika mkononi kikahamia kushoto chenyewe, kidole gumba kikaingia kwenye lile bonde, cha shahada kikashuka hadi ukingoni na kupita mferejini, kwenda na kurudi. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani amekufa?"

Nikamwambia, baba, hajafa mtu, nimekinunua Igoma kwa kilo.

"Amekufa mtu," akasema. "Chuma cha pamba hakiuzwi mwenyewe akiwa hai."

Chuma cha pamba. Ndivyo yeye anavyokiita. Watu wa pwani kazi yenyewe wanaiita kalafati, neno lililokuja na majahazi. Yeye anasema tu kupiga pamba. Akainuka, akanipeleka kwenye mtumbwi wa mbao uliokuwa juu, akanionyesha mianya kati ya ubao na ubao. Mwanya mzuri, akasema, ni mpana kwa nje na unafungana kwa ndani, kama mdomo wa samaki. Unasokota pamba, unailaza juu ya mwanya, unaisukuma kwa ukingo wa chuma hiki, unapiga. Mfereji unaishika pamba isiteleze pembeni. Chuma kikiwa na makali kitaikata pamba, na pamba iliyokatwa ni vipande vipande, maji yanapita katikati yake. Ndiyo sababu ya ubutu.

Nikamuuliza anajuaje kwamba inatosha. Akasema kwa sikio. Mwanzo nyundo inalia kizito, kama unapiga mto wa kulalia. Pamba ikijaa, mlio unapanda, unakuwa mkavu. Hapo unasogea mbele. Ukiendelea kupiga baada ya mlio kubadilika, unauchukiza ubao; mtumbwi ukishuka majini mbao zinavimba, pamba nayo inavimba, na kama umejaza kupita kiasi ubao utang'oka kwenye misumari yake. Juu ya pamba unapaka lami. Wengine siku hizi wanapigilia utepe wa bati juu ya mwanya, wengine wamehamia boti za faiba ambazo hazina mwanya wowote. Alisema hilo la faiba bila kinyongo, kwa kweli; alisema ni nyepesi na zinakimbia.

Nilikuwa bado nimeficha kile cha pili kwenye khanga. Nikakitoa. Akakishika vile vile, kidole kikashuka ukingoni, kikasimama. Akakiinua kwenye mwanga.

"Nani kakinoa?"

"Ni mimi, baba."

Akanyamaza kwa muda ambao mwanafunzi wangu yeyote angeutambua, maana ndivyo nilivyokuwa nikinyamaza mimi juu ya daftari bovu. Kisha akapiga magoti kwa shida, akachagua mwanya wenye pamba ya zamani iliyooza, akakiingiza kile chuma chenye makali, akapiga mara mbili na kukilaza. Pamba kuukuu ikatoka yote, ndefu, nyeusi, kama utumbo wa dagaa. Akasema fundi kamili alikuwa na vitatu: cha makali cha kufumulia ya zamani, chenye mfereji mmoja cha kutia mpya, na chenye mifereji miwili cha mianya iliyopanuka. "Vya kwanza viwili unavyo sasa," akasema. "Hicho cha tatu umekiacha wapi?"

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa Igoma. Yule kijana alinikumbuka, akanichangamkia, akaniulizia hali ya Mjerumani. Lundo lilikuwa limeshapakiwa usiku, na lori lilikwishaondoka.

Haya. Kwenye meza ile kuna zana nyingine sita, hakuna hata moja yenye alama. Mafuta ya taa yako kwenye kopo, karatasi na penseli ziko hapo, tochi ninazo mbili. Wazee waanze, vijana mfuate. Yule mwenye grenda nimemwomba aiache kwenye gari.